Maji ya Mgeni

Mkono wake ulikuwa umezama topeni hadi kwapani, shavu limegusa matope, na vidole vilikuwa vikipapasa chini kutafuta mahali penye ubaridi. Chaza hukaa juu juu. Leo hakuwa akitafuta chaza. Majirani walimwita Bi Kupwa, kwa kuwa tangu usichana wake hakuijua saa nyingine ila ya maji kupwa, na asubuhi hii Bi Kupwa alikuwa akiitafutia serikali sumu.

"Mama, hapo karibu panatosha!" Bwana Vipimo, afisa wa serikali aliyekuja kupima maji, alimwita kutoka ukingoni. Alivaa buti mpya za mpira, na buti zenyewe hazikuwa zimeonja hata tone la tope. "Usijitese bure."

"Hapo karibu bahari imeshapaosha, baba. Leo bamvua. Maji yanaingia na kutoka kwa fujo tangu juzi. Ungekuja wiki iliyopita, wakati wa maji mafu, bahari ikiwa imelala, ungeona mambo."

"Ratiba ni ratiba, mama."

Ratiba ilikuwa hiyo hiyo, mwaka wa tatu sasa: siku ya bamvua, kwa gari la kiwanda. Kiwanda chenyewe kilikuwa pale juu, kikitia dawa nguzo za umeme zisiliwe na mchwa, na mtaro wake uliteremka taratibu hadi kwenye mikoko. Mchwa hawakuzila nguzo, haki ya mtu mpe.

Tabibu wa zahanati, binti mdogo mwenye subira, alikuwa amemweleza. Dawa ile ina sumu iitwayo aseniki. Bahari ikiingia na kutoka kwa nguvu, tope hupata hewa, na sumu hung'ang'ania kutu iliyomo topeni. Maji yakifa, hewa huisha. Hapo vijidudu visivyoonekana kwa macho huila ile kutu, na sumu huachwa huru ndani ya maji. Na kisima kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Bi Kupwa kilivuta maji yake kutoka tope lilo hilo.

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ushahidi alikuwa nao nyumbani. Kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na mitano, viganja vilikuwa vimeota vinundu vigumu kama punje za mahindi, na kidonda cha kidole hakikuwa kimefunga tangu mvua za mwaka jana. Kalamu ilimshinda kuishika, akaacha shule. Kisima kingefungwa, bomba lingeletwa na hospitali kubwa ingempokea bila malipo, ikiwa tu karatasi ya vipimo ingesema kuna sumu. Bila karatasi, hayo yalikuwa maneno ya wanawake wa matopeni.

Basi akachimba, akachimba, nyuma ya mizizi ya mikoko ambako hata bamvua haifiki vizuri, hadi akalipata tope jeusi tii. Maji yakajikusanya shimoni taratibu. Yalikuwa meupe, lakini yalinuka kama mayai viza. Akayajaza chupani hadi mdomoni.

"Lo! Funga, mama, funga!" Bwana Vipimo alijiziba pua. "Kaa nayo kwanza. Kiwandani wananisubiri kwa chakula. Alasiri nitaipitia kwako."

"Ina namna ya kuitunza, baba?"

"Chupa nayo itunzwe vipi? Iweke tu."

Akaiweka. Lakini nyumba yake ilikuwa chumba kimoja, na harufu ile ikamtia aibu. Mgeni mwenye cheo aje mlangoni, umkabidhi kitu kinachonuka hivyo? Akaifungua chupa, akaifunika kitambaa safi, akaiacha kivulini ipate upepo. Adhuhuri ilipopita, harufu ilikuwa imekwisha. Maji yalikuwa yamegeuka manjano, kisha mashapo ya rangi ya kutu yakatua chini ya chupa.

Bi Kupwa alilelewa kando ya mto wa maji ya udongo. Marehemu mama yake alimfunza neno moja kabla ya yote: maji ya mgeni huachwa yatulie. Huyatikisi. Unayamimina polepole kwenye chombo safi, na mashapo unayamwaga. Akafanya hivyo hivyo, kwa mkono usiotetemeka, kama alivyofanya maisha yake yote. Mashapo akayamwaga uani, chupa akaisuuza na kuifuta hadi ikang'aa, akayarudisha maji humo.

Alipokuja alasiri, Bwana Vipimo aliinua chupa juu kwenye mwanga. Akainusa. Akatazama uani, pale palipokuwa na doa jekundu.

"Umeyaacha yakatulia?"

"Ee, baba. Nisingekupa maji machafu."

Bwana Vipimo aliitazama tena ile chupa. Kisha akatabasamu, akatoa fomu na kidau cha wino.

"Umefanya vizuri sana, mama. Weka dole gumba hapa, kwamba maji umechota na kukabidhi wewe mwenyewe."

Akaweka, na moyo wake ulifurahi.

Majibu yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya serikali baada ya mwezi. Bi Kupwa hakujua kusoma, kwa hiyo binti yake alimsomea, akifuata mistari kwa kile kidole kilichofungwa kitambaa.

"Mama, wameandika ni salama."

Tabibu alimwuliza hatua kwa hatua, na alipofika kwenye mashapo akaweka kalamu chini.

"Mama, ile kutu uliyomwaga ndiyo iliyokuwa na sumu. Maji yakipata hewa, kutu hurudi, na hushuka na sumu chini. Chupa ilitakiwa ifungwe, isiguswe. Hakukwambia?"

"Aliniambia niiweke tu."

"Na alipoona yametulia?"

"Alinishukuru."

Walikwenda wote wawili ofisini. Karani aliifungua fomu, akawageuzia waione.

"Malalamiko gani tena, na dole gumba ni lako? Mje mwakani. Siku ya bamvua."

Njiani tabibu alizungumza kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Kwa sasa, alisema, wakichota kisimani wayaache maji wazi usiku kucha, kisha wamimine ya juu tu. Hayatamponya binti. Yangalimpunguzia sumu, kama wangalianza mapema.

Bi Kupwa aliongeza mwendo kuelekea nyumbani. Maji ya kisima chake yalitoka meupe siku zote, hakuna aliyewaza kuyangoja. Miaka kumi na mitano mwanawe alikunywa kutoka ndooni hapo hapo.

Alimkuta binti uani, ndoo imetoka kisimani sasa hivi. Alikuwa amekishika kikombe kwa viganja viwili, maana vidole havikukunjika.

"Ngoja, mwanangu. Yaache yatulie."

"Nina kiu, mama." Binti alicheka. "Kwani mimi ni mgeni hapa?"

Akanywa hadi tone la mwisho.