Bibi wa Ukutani kwa Lodi Wexcombe

Bwana Lucian Treadgold alikuwa akimenya yai la pili, ukungu wa Novemba umeyaziba madirisha, pale bibi ambaye yeye alimwiba wiki iliyotangulia aliposhuka kutoka kwenye picha, akakung'uta gauni lake, akavuta kiti na kuuliza kama kulikuwa na chai.

Bi. Tuffnell, mpishi, mama mnene aliyejua kila kitu cha nyumba ile na ambaye polisi wakimuuliza hajui lolote, alileta kikombe kingine.

"Nikuwekee sukari, Bibi?"

"Weka nyingi. Nina miaka mia sijala kitu."

"Vijiko ndivyo vya wizi, Bibi. Sukari niliinunua mimi, kwa hiyo tusizidishe."

London ilimjua Treadgold kwa jina moja na kumsaka kwa jina lingine. Kwa lile la kwanza alikuwa muungwana mwenye maneno matamu, wa kualikwa kila penye karamu. Kwa lile la pili, la magazetini, alikuwa Glavu Nyeupe, mwizi aliyefuta viatu mlangoni kabla ya kuiba. Polisi walitafuta mtu mwenye kovu na mabega ya mpagazi. Yeye alikuwa mwembamba kama mwavuli uliofungwa, na nyumba za wakubwa aliziingia mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, baada ya kukaribishwa.

Hata huyu bibi, Treadgold alimwiba hivyo hivyo. Lodi Wexcombe aliwaalika watu chakula cha mchana, kisha akawatoa bustanini kumtazama farasi wake mpya. Treadgold alibaki nyuma, akaikata picha kwenye fremu, akajizungushia kiunoni chini ya koti. Wakati wa kuagana, Lodi alimpigapiga tumbo.

"Umenenepa, Treadgold!"

"Ni ukarimu wako, Mheshimiwa."

Nyumbani aliitia picha kwenye fremu nyingine, akimngojea tajiri wa Kimarekani aliyeitaka. Lakini mtu hawezi kumuuza mgeni aliyekwisha kunywa chai yake. Tajiri alipofika, Treadgold alishikwa na kigugumizi, hadi bibi mwenyewe, aliyekuwa kwenye kochi akisoma gazeti, alipomsaidia.

"Mwambie imeliwa na panya."

Tajiri alitoa pole kwa hasara hiyo, akamwinamia bibi na kwenda zake.

Jina la bibi lilikuwa Araminta. Alichorwa akiwa kijana, siku chache kabla ya kuolewa na babu wa babu wa huyu Lodi wa sasa. Vilima vya kijani vilivyoonekana nyuma yake pichani vilikuwa vya baba yake, na yeye ndiye aliyekuwa mrithi.

"Nikaingia kanisani na vilima," alisema, "nikatoka na mume. Vilima akawa navyo yeye. Mimi pia akawa nami yeye. Akanitundika mbele ya meza ya chakula ili wageni waone alichopata."

"Mimi nikifanya hivyo wananiita mwizi," alisema Treadgold.

"Wewe hukuleta kasisi."

Walicheka sana. Majira ya baridi yalipita kwa karata na mkate wa kuchoma, na Treadgold, ambaye maisha yake yote alitamani vitu ili awe navyo, alijikuta anatamani tu saa ya chai ifike. Hakuiba kitu miezi yote hiyo. Bi. Tuffnell alianza kuwa na wasiwasi na afya yake.

Jua la kwanza la Aprili lilipotoka, Araminta alitaka kuona miti. Wakaenda Hyde Park, yeye na gauni lake pana kama hema, wapita njia wakisogea kumpisha. Gari la farasi la Lodi Wexcombe lilipita taratibu, likasimama. Lodi alikuwa amekula chini ya uso ule tangu utoto. Alivua kofia.

"Shikamoo, Bibi," alisema. Kisha akapaza sauti kuwaita polisi.

"Kimbia," alisema Araminta.

Treadgold alitazama gauni, akatazama viatu vya hariri vya visigino virefu. Hakuna aliyewahi kumkamata, na geti lilikuwa karibu. Akampa mkono, wakaketi kwenye benchi.

Inspekta Grubb alifika akihema kama mvukuto. "Hatimaye, Glavu Nyeupe!"

"Vua kofia kwanza, Inspekta. Kuna bibi hapa."

Inspekta akavua.

Mahakamani, wakili wa Treadgold alisema picha ipo salama, ina kiti na vilima, mwenyewe aje achukue. Lodi akajibu kwamba hakuibiwa kiti. Ubishi ulikuwa kama bibi ni shahidi au ni kielelezo, kitu cha kuonyeshwa mahakamani. Shahidi huzungumza, kielelezo hufungwa lebo. Karani alimfunga lebo mkononi.

"Mheshimiwa Jaji," alisema Araminta, "mbona hakuna anayeniuliza nataka kwenda wapi?"

"Kielelezo kinyamaze," alisema Jaji, bila ukali. Sheria, alieleza, ilikuwa wazi: mke na mume ni mtu mmoja, na mtu huyo ni mume. Mume akifa, mali yake huenda kwa warithi. Bibi arudishwe ukutani. Treadgold apelekwe gereza la Malkia kuvunja mawe.

Treadgold aliinama kwa adabu. Kwa Araminta aliinama zaidi.

Alipotoka gerezani nywele zilikuwa nyeupe na viganja vigumu kama kwato. Bi. Tuffnell, aliyekuwa amefungua mgahawa kwa kuuza vijiko, alimpa koti safi na kumwambia kwamba Lodi hufungua nyumba yake kila Alhamisi kwa watu wanaolipa kiingilio. Treadgold akaenda, akalipa kama wengine.

Walikuwa wameweka kamba. Nyuma ya kamba, chini ya fremu, Araminta alikuwa akinywa chai huku familia moja kutoka mashambani ikimtazama na kula biskuti. Pichani, treni ndogo ilipita kwenye vilima ikitoa moshi, kwa kuwa Lodi alikuwa ameviuza kwa kampuni ya reli.

"Umechelewa," alisema Araminta.

"Nilikuwa na shughuli za Malkia."

"Umezeeka, Lucian."

"Wewe hujabadilika."

"Hilo ndilo tatizo langu."

Treadgold akasogea karibu na kamba. "Nitakuiba tena," alinong'ona.

"Kisha? Mahakama ni ileile. Kaa hapo, gawa karata."

Walicheza juu ya kamba mchana kutwa. Treadgold aliiba karata, bibi akaiba vizuri zaidi, na watoto wa mashambani wakamshangilia bibi. Kengele ilipolia, mlinzi wa nyumba alikuja na ufunguo mkononi.

"Bibi, muda."

"Alhamisi?" aliuliza Araminta.

"Alhamisi," alisema Treadgold.

Mlinzi alimshika bibi mkono apande pichani asijikwae, akashusha wavu wa chuma mbele ya fremu, akaufunga, akautikisa kuhakikisha. Kisha akampa Treadgold kofia yake.