Shahidi wa Pili

Mimi Noella ni mtu wa hasira, sifichi. Miaka kumi na miwili naripoti vita kwenye redio hapa Uvira, na sheria yangu hata wauzaji wa soko wanaijua: jina la marehemu silisomi mpaka watu wawili wathibitishe. Wawili, si mmoja! Wengine wanakimbilia mikro, kisha familia inalia matanga ya mtu aliye hai. Upumbavu mtupu.

Thierry, kijana wa hapa Uvira, nilimwona peke yangu. Alikuwa maiti, amelala ndani ya mfereji wa mpunga, upande wa Katogota. Risasi zikaanza tena, nikakimbia. Niliporudi na mwenzangu siku ya tatu, mfereji ulikuwa mtupu. Shahidi mmoja tu, basi nikanyamaza.

Mama yake anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni Kavimvira. Mwaka mzima nilinunua kwake, ananiongezea konzi moja ya bure na kuuliza, "Hakuna habari?" Nami najibu hakuna. Nikifika nyumbani namkuta Thierry mezani, mchana kweupe, maji yanamchuruzika. Namfukuza, haendi.

Kazi yangu ya pili ni kuandika senario za filamu. Huko naamua mwenyewe nani anakufa. Nikaandika Thierry anavuka mto Ruzizi, anabisha hodi, mama anafungua. Hata jina sikubadilisha, nilidhani ataniachia meza yangu. Waigizaji wakaanza mazoezi kwenye sale, ule ukumbi wa parokia, na Uvira hakuna siri.

Jumanne asubuhi Mama Thierry akaingia kwangu, amevaa kitenge cha sikukuu.

— Noella, iko siku gani?

— Siku gani, mama?

— Ya kurudi kwake. Wanasema umeandika. Nimeshapaka mulango rangi. Weye hausemi uongo, kila muntu anajua.

Yesu wangu! Nikamfokea:

— Ile ni filamu, mama! Nimetunga!

Hapo hapo nikaona aibu, nikaanza kulia.

— Na ya kweli ni gani? akauliza polepole.

— Nilimuona. Ndani ya mufereji. Amekufa.

— Alivaa nini?

— Shati ya bleu. Kifungo cha juu kilikuwa chekundu.

Akakaa chini sakafuni.

— Kile nilishona minye mwenyewe. Cha bleu kilikosekana.

Kisha akaniangalia.

— Ulijua. Na ulikula samaki yangu mwaka muzima.

Akajifuta uso kwa kitenge, akasimama.

— Si unataka mashahidi wawili? Weye uliona, minye nimejua kifungo. Twende usome jina, nilie mutoto wangu kama wengine.

Saa sita nilikuwa mbele ya mikro, yeye kando yangu. Nilisoma tarehe, nikasoma Katogota. Nilipofika kwenye jina nikamgeukia. Mama Thierry akavuta mikro kwake, akalisema yeye.