Karatasi za Dakika Tano

Mtindo ule niliuanzisha mimi, na nikajigamba nao mbele ya walimu wenzangu: dakika tano za mwisho wa kila kipindi cha hesabu, kila mwanafunzi aandike kwenye kikaratasi alichoelewa na kilichomshinda. Nilizikusanya karatasi, nikazitupia kwenye droo. Kuzisoma je? Kazi zilikuwa zimenifika shingoni, au ndivyo nilivyojidanganya.

Jana binti tunayemwita Kimya alipata nne kwa hamsini kwenye mtihani wa hesabu za sehemu, kama nusu na robo. Nikamfokea mbele ya darasa zima: "Wewe mtoto, mdomo huna? Mbona hukusema kama huelewi?"

"Nilisema, mwalimu," akajibu, macho kwenye viatu vyake.

Nikamwambia aache uongo.

Leo nimefungua droo. Karatasi yake ya kwanza inasema: "Sielewi kwa nini namba za chini lazima zifanane kwanza." Ya pili: "Mwalimu, bado sijaelewa." Ya tatu: "Samahani mwalimu, bado." Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ya nne, na zote zilizofuata, zimeandikwa kwa mwandiko uleule safi: "Nimeelewa yote. Asante, mwalimu."