Dirisha la Mikono

Ile nyumba ya wazee kule Iyula ilijengwa na mzungu wa kahawa ambaye hakupenda kuona uso wa mpishi wake. Ndiyo maana kati ya jiko na chumba cha kulia hakuna mlango. Kuna kidirisha tu, kimo cha kiuno, upana wa sinia. Aliyekaa mezani huona mikono ikisukuma sahani, basi. Mwenye mikono akitaka kuingia, sharti atokee nyuma, aizunguke baraza yote yenye nguzo za matofali, apande ngazi saba za mbele.

Mzungu aliondoka, shamba likafa. Vibarua wasiokuwa na kwao wakazeekea hapo hapo, kanisa likawagawia vyumba. Bati liliota kutu, dohani ikaota majani, lakini kidirisha kilibaki vile vile.

Nyuma yake sasa alisimama Tumpale, mpishi.

Alianza kwa kuonja chumvi, tangu Pasaka. Akaonja kipande, akaongeza cha pili. Kila Jumapili, siku ya nyama, vipande viwili vya Bibi Rozi viliishia jikoni. Si kwamba Tumpale alikuwa na njaa. Ni kwamba Bibi Rozi macho yalikuwa yamekwisha. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, mikono hawakuitaja.

"Viwili tena!" Jumapili hiyo sauti ya Bibi Rozi ilipenya kidirishani. "Wenzangu vinne vinne."

"Rozi, umekula ukasahau!"

"Au paka wa mzungu kafufuka!"

Wazee wakacheka. Tumpale naye, kule jikoni, midomo ilicheka yenyewe, halafu ikamkauka.

"Vidole hivi vimechambua kahawa miaka thelathini," alisema bibi. "Vishindwe kuhesabu nyama?"

Msimamizi, Emanueli, alikohoa. "Bibi yangu, kila wiki ni hayo hayo. Hapa hatuna mtu wa kumwangalia aliyechanganyikiwa. Kesho utapelekwa Mbangala, kwa mpwa wako."

"Mpwa gani? Yule hata sauti yangu haijui."

Hakuna aliyecheka tena. Tumpale alishika ukingo wa meza. Kesho! Angenyamaza, bibi angepanda gari na kibunda chake, na kichaa chake cha kusingiziwa.

Mara mkono ukatokea kidirishani kutoka upande wa pili, wenye kovu la mafuta ya moto. Ulikuwa wa Mzee Andongwisye, aliyempikia mzungu enzi zile. Aliinama, akanong'ona:

"Mjukuu wangu, hapo uliposimama nilisimama miaka sita. Nyama ya mzungu niliionja sana. Ila mzungu hakuitwa kichaa kwa sababu yangu."

Masikio ya Tumpale yaliwaka moto. Kumbe alijua! "Babu, nisamehe. Nitasema. Acha nisemee hapa hapa."

"Hapo?" Mzee alivuta kibao cha kidirisha, kikafunga. Sauti yake ikaja kupitia ubao. "Hapo pana mikono tu. Zunguka."

Akazunguka. Hakuwahi kujua baraza ile ni ndefu namna hiyo. Kila nguzo alitamani imfiche. Kwenye ngazi ya nne alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akaitazama, akajifuta tena.

Alipoingia, vijiko vilitulia.

"Nani huyo?" aliuliza Bibi Rozi, akigeuza uso.

"Ni mimi, Bibi. Tumpale wa jikoni." Alitaka kutazama sakafu, akajilazimisha kumtazama bibi. "Nyama yako nimekula mimi. Tangu Pasaka. Huna wazimu, Bibi. Ni mimi."

Waliocheka mapema waliinamia sahani zao.

"Vipande vingapi?" aliuliza bibi.

"Sijui, Bibi. Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu. Ishirini na sita, na vya leo." Akapapasa sahani, akamega ugali wake. "Emanueli, mwanangu, bado ninakwenda Mbangala?"

"Hapana, Bibi," alisema Emanueli kwa sauti ndogo. "Huendi."

Tumpale alibaki amesimama katikati ya chumba, akisikiliza wazee wakitafuna. Sufuria lilikuwa bado motoni, na njia ya kulirudia ilikuwa ile ile moja, ya kuzunguka.