Fremu ya Matundu Manne

Mgeni aliingia Medeber, soko la mafundi la Asmara, kinyumenyume. Gari lake, Fiat kuukuu ya rangi ya maziwa, lilizimika mbele ya lango likiwa limeelekea mjini, ikabidi wasukuma mikokoteni walirudishe nyuma hadi uani, naye ametoa kichwa dirishani akimwomba radhi kila aliyempisha. Wanawake waliosaga pilipili pale uani waliacha kupepeta ili wapate kucheka vizuri.

"Karibu, mwalimu," Embaye fundi alimpokea huku akifuta mikono. "Wenzako huwa wanaingia kwa mbele."

"Umejuaje kwamba mimi ni mwalimu?"

"Una chaki kwenye mfuko wa shati. Halafu umemwomba radhi hata punda."

Abrehet aliyasikia hayo akiwa kibandani kwake, mkasi mkononi, akacheka peke yake. Kibanda kilipakana na gereji ya Embaye, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukata gasketi, vile vibamba vyembamba vinavyolala kati ya chuma na chuma ili maji yasivuje na moto usitoroke. Alizikata kwa maboksi ya makaroni, kwa mipira ya matairi, kwa mabati ya makopo ya mafuta. Ukutani, kwenye misumari, vilining'inia violezo vya kadibodi vya injini za kila aina, urithi wa marehemu mumewe, Kidane. Mtu akileta injini isiyojulikana, Abrehet alishusha kiolezo kimoja baada ya kingine na kukilaza juu ya chuma, mpaka kimoja kikae sawasawa, tundu juu ya tundu. Hapo injini ilipata jina, na mwenye gari akajua vipuri vya kwenda kuulizia.

Mgeni aliitwa Habteab. Alifundisha hesabu mji wa Akordat, na gari alikuwa amelinunua hukohuko wiki ile ile, kwa sababu moja. Jumapili ilikuwa nigdet, sikukuu ya mtakatifu wa kijiji cha mama yake, siku ambayo kila aliyezaliwa pale hurudi nyumbani. Mama yake, anayeishi hapa Asmara kwa dada mtu, hakuwa amerudi kwa miaka mingi. Miguu ilikuwa imemgomea. Basi liliishia barabara kuu, na kutoka pale hadi kanisani ni mlima na mawe matupu. Magari yote ya kukodi yalikuwa yameshikwa na watu wa vijiji vingine.

"Kwani lazima mwaka huu?" Embaye aliuliza.

Habteab alikitazama kiatu chake. "Daktari amesema tusipange ya mwakani."

Abrehet aliweka mkasi chini. Alikuwa mtu wa maneno mafupi na moyo mwepesi, na moyo ndio uliotangulia.

"Sikiliza, mwanangu. Hizi Fiat nimezikatia gasketi hadi mkono unajua njia wenyewe. Jumamosi asubuhi utaondoka nalo kabla kahawa ya pili haijachemka."

"Kweli, mama? Nimwambie mama yangu?"

"Kamwambie. Mwambie akasuke nywele."

Habteab alitoka langoni karibu akimbie. Ndipo Embaye akafungua boneti, akaangalia, akaifunga, akaifungua tena.

"Shemeji," alisema polepole. Alikuwa mwanafunzi wa Kidane, na tangu ujana wake hakuwahi kumwita Abrehet jina lingine. "Hii Fiat ina moyo wa mtu mwingine."

Ilikuwa injini ngeni kabisa. Mahali pa bamba la jina palibaki matundu mawili ya ribiti. Namba ilikuwa imekwanguliwa. Ili iingie pale, mtu fulani alikuwa amekata bamba zito la chuma kwa mkono, akaliunganisha na giaboksi kwa ustadi uliomfanya Embaye apige mluzi. Ubavuni palikuwa na matundu mengine yaliyozibwa kwa bolti, ambayo gari halina haja nayo.

"Hapa palikaa kidhibiti mwendo," Embaye alisema. "Injini hii ilizaliwa kusimama mahali pamoja, kwa mwendo uleule asubuhi na jioni. Haikuzaliwa kusafiri."

Kesho yake Habteab aliporudi na kuulizwa, alikumbuka. "Aliyeniuzia ana mashamba kando ya mto Barka. Alisema ni injini ya uhakika, ilimwagilia migomba."

"Kwa hiyo, mwalimu, umenunua pampu ya maji yenye viti vinne."

Habteab alicheka pamoja nao, lakini macho yake yalimfuata Abrehet, na Abrehet akajifanya anatafuta mkasi.

Walikifungua kichwa cha injini mchana ule. Gasketi ya ndani ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, ikatoka vipandevipande, haifai hata kuigwa. Embaye alichukua spoki ya baiskeli, akaiteremsha ndani ya silinda, akazungusha injini kwa mkono na kuweka alama pistoni ilipofika juu na ilipofika chini, apate urefu wa mwendo wake. Kisha akaita, "Haya shemeji, lete ukuta wako."

Abrehet aliinama kutazama, akasimama palepale.

Silinda nne. Kati ya kila mbili, tundu la maji lenye umbo la punje ya haragwe. Upande wa kulia, tundu moja la bolti lililotoka nje ya mstari, kama mtoto anayekataa kupanga foleni. Hakuhitaji kiolezo. Umbo lile alilipangusa vumbi kila alipofagia sebule yake.

Hata hivyo alivishusha violezo. Alilaza cha kwanza, akatikisa kichwa. Akalaza cha pili. Alifanya kazi ile taratibu na kwa uangalifu, akijua kwamba hakuna kitakachokaa, kwa sababu kila kiolezo kilichokataa kilimpa muda kidogo wa kutolisema lile alilokuwa amekwisha kulijua.

Kilipokataa cha mwisho, alichovya kitambaa katika mafuta ya taa na kusugua ubavu wa injini, chini kabisa. Tope la Barka lilitoka kwanza, kisha grisi, kisha rangi ya buluu. Chini ya buluu kilijitokeza kiraka cha shaba nyeupe, kimefungwa kwa skrubu nane. Saba zilifanana. Ya nane ilikuwa ndogo, yenye kichwa cha mviringo kilichong'aa, skrubu ya cherehani.

Aliigusa kwa ncha ya kidole.

Zamani zile ilikuwa mjini Keren, na yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Nyuma ya soko palikuwa na sinema isiyo na paa. Mabenchi, ukuta uliopakwa chokaa, na nyuma ya ukuta injini ya buluu iliyowasha taa na kuzungusha filamu. Kidane ndiye aliyeiangalia. Siku moja ilipasuka ubavu katikati ya filamu ya Kihindi. Giza likaingia na watu wakamalizia wimbo wenyewe, maneno wasiyoyajua, kwa sauti kubwa kuliko ya mwimbaji. Kesho yake kijana mwenye grisi hadi kwenye nyusi alibisha hodi kwenye duka la ushonaji la mama yake Abrehet. Ana kiraka, ana skrubu saba, anaomba ya nane. Mama alimfukuza. Abrehet alisubiri mama aende kanisani, akafungua skrubu ya kifuniko cha cherehani na kuipeleka sinema mwenyewe, ameifumbata kiganjani kama mbegu. Mama alishona mwaka mzima kwa mashine iliyotetemeka, akilaani waliomuuzia.

Baadaye mwenye sinema aliagiza ng'ambo gasketi ya akiba, ya shaba nyekundu. Ilichelewa mno. Ilipofika, sinema ilikuwa imefungwa na injini imeuzwa kwa mtu asiyejulikana. Kidane alipewa gasketi ile kama asante ya kazi. Akaja nayo nyumbani kwao kupya, akapigilia msumari sebuleni, na katika matundu yake manne akaanza kupanga picha. La kwanza yeye mwenyewe, kofia upande. La pili Abrehet na misuko yake ya bibi arusi. La tatu, baadaye, binti yao Hidat, ambaye sasa yuko ughaibuni na anapiga simu siku za Jumapili. La nne lilibaki wazi likisubiri mtoto mwingine, na mtoto hakuja, kwa hiyo palionekana ukuta tu.

"Tuitoe basi," Abrehet alimwambia miaka ile. "Shaba nzuri kama hii, utengenezee watu kitu."

"Iache," Kidane alisema. "Injini ikirudi, itukute tuko tayari." Walikuwa wakicheka kila aliposema hivyo.

"Shemeji?" Embaye alikuwa ameinama kando yake. Aliitazama skrubu, kisha rangi ya buluu, kisha matundu ya maji. Alikuwa ameketi sebuleni kwa Abrehet mara nyingi, akila na kunywa chini ya ile fremu. Uso wake ulibadilika.

"Usiseme," Abrehet alimwahi.

"Sijasema kitu."

"Endelea hivyohivyo."

Walikata gasketi ya kuiga. Abrehet alichukua alama kutoka kwenye chuma chenyewe, kwa kadibodi na kidole cha grisi, kisha akakata bati juu, bati chini, na kadibodi ngumu katikati, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Shaba ya bamba ilikuwa haionekani madukani siku nyingi. Ijumaa mchana Embaye alikaza bolti, akatia maji, akawasha.

Injini ilishika. Mngurumo wake ulikuwa wa chini na wa kukaza, hauna haraka. Abrehet alifumba macho. Kwa kitambo kidogo alisikia harufu ya karanga za kukaanga na kuona nyota juu ya ukuta wa chokaa. Halafu ukatoka mzomeo kama wa chungu kilichofurika, na mvuke mweupe ukajaa gereji. Embaye alizima.

"Bati halivumilii," alisema. "Hata mlima wa kwanza halitaufikia." Alijipangusa uso kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Shemeji, nikwambie kitu. Wewe uliahidi Fiat. Hii si Fiat. Hakuna mtu hapa Medeber atakayesema umevunja neno. Mwalimu mwenyewe hatasema. Ataomba radhi yeye!"

Ilikuwa kweli, na Abrehet aliishika kweli ile kama mtu anavyoshika kikombe cha moto, akitafuta mahali pa kuiweka. Alikuwa bado ameishika Habteab alipotokea langoni na mkate wa himbasha uliofungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Mama amekuletea. Ameoka mwenyewe, ameketi." Alitabasamu, mtu mzima mwenye tabasamu la kitoto. "Ameshasuka, mama. Tangu jana. Analala kichwa kimeinuliwa ili zisiharibike."

Abrehet aliupokea mkate. Ulikuwa bado una joto.

"Kesho asubuhi," alisema. "Kama nilivyosema."

Habteab alipoondoka, Embaye alifungua kinywa.

"Ukimweleza lolote," Abrehet alisema, "nitakuzika kwenye gunia la pilipili."

Asubuhi ya Jumamosi aliamka, akafagia, akaishusha fremu. Msumari ulibaki peke yake. Alizitoa picha kwa ncha ya kisu, polepole. Ya Hidat ilitoka bila shida, yake mwenyewe ilikunjika pembe moja. Ya Kidane ilikuwa imegandana na shaba, ikaacha ukanda mwembamba wa karatasi. Alizifunga kwenye leso na kuzitia mfuko wa aproni. Tundu la nne halikuwa na kitu cha kutolewa, ila alilifuta kwa kidole kulizunguka, kama alivyofanya kila mara.

Kule Medeber, Embaye alikuwa amewasha moto wa kulehemu. Shaba ikikaa miaka mingi hukakamaa. Ni lazima ipitishwe motoni ndipo ilainike. Abrehet alibandua kwanza ule ukanda wa karatasi kwa ukucha, akauweka pembeni, mezani; kisha Embaye akaishika shaba kwa koleo, na Abrehet akatazama vumbi la sebule yake likiungua, duara kwa duara, hadi shaba ikawa nyekundu kama machweo. Kisha Embaye akaizamisha majini. Ilitoka laini, safi, na rangi yake ni kama imefika leo kutoka ng'ambo.

Habteab aliwakuta wakiilaza. Ilikaa. Haikuhitaji kusukumwa wala kupunguzwa. Hata lile tundu lililokataa foleni lilipata bolti yake.

"Mmeipata wapi?" aliuliza kwa mshangao.

"Dukani," Embaye alijibu, akainamisha kichwa.

"Na hii karatasi hapa pembeni?"

"Takataka," Abrehet alisema, akaiokota mezani na kuitia mfukoni.

Walikaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kama Kidane alivyowafundisha wote wawili. Wakatia maji. Habteab akaingia na kuwasha, na mngurumo ule wa chini ukajaa uani, ukadumu, ukadumu tena, bila mvuke, bila mzomeo. Mwanamke mmoja wa pilipili, mzaliwa wa Keren, aliinua kichwa na kusikiliza kama aliyeitwa jina, kisha akarudi kwenye ungo wake.

"Mama, sijui niseme nini," Habteab alisema dirishani.

"Usiseme. Mlimani usiiharakishe, haipendi haraka. Iache iimbe kwa mwendo wake. Na mama yako akae mbele, aone."

Gari lilitoka langoni, safari hii kwa mbele. Abrehet alisimama kusikiliza hadi sauti ilipokata kona ya soko, mkono wake ukiwa juu ya mfuko wa aproni. Kisha akarudi kibandani na kupuliza makaa, maana kahawa ya pili ilikuwa bado haijachemka.