Mwaka Kura Ilipohamia Kwenye Simu

Bi Mabruka alianza kuanika magodoro mwezi wa saba, wakati jua la mji wa Ibra linachoma hata kitasa cha mlango. Alikuwa na magodoro kumi na moja. Zabibu, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akiishi naye na kufanya kazi za nyumba, mwaka wa tano huo, aliyatoa uani moja moja, jasho likimtiririka.

"Bibi, si uchaguzi wenyewe mpaka mwezi wa kumi?"

"Yana vumbi la miaka minne haya. Piga huko pembeni."

Kila baada ya miaka minne Oman huchagua wajumbe wa Majlis Shura, baraza la ushauri la nchi, na desturi ilikuwa mtu arudi kupiga kura kwenye wilaya alikoandikishwa. Watoto watatu wa Bi Mabruka waliandikishwa Ibra, na walipohama hawakubadilisha. Mkubwa, Yaqoob, yuko Maskati, ni mhandisi. Mabinti wawili wameolewa mbali, mmoja Suhar, mwengine Salala. Idi zao waligawana na wakwe, likizo zao na safari za nje. Lakini siku ya kura haikuwa na mjadala. Walikuja wote, na watoto wao, na mablanketi na chaja na kelele.

Marehemu mumewe, Mzee Marzouq, akiwapakia kwenye magari mawili mpaka skuli ya kupigia kura, na wakirudi wanakuta boko boko la ngano na nyama limeshakorogwa na mchuzi wa papa uko tayari. Mchana ule nyumba nzima ilisema Kiswahili. Hata mkwe wa Suhar, asiyejua ila "haya" na "bado", alizitumia hizo mbili mpaka watu wakashika mbavu. Bi Mabruka aliondoka Malindi, Unguja, akiwa na miaka kumi na tisa, na hakurudi tena kuiona. Siku ya kura, akikaa pale kati ya wanawe huku wajukuu wakimpanda magotini, hakuwa na haja ya kurudi.

Mzee Marzouq alifariki miaka mitatu nyuma. Huu ungekuwa uchaguzi wa kwanza bila yeye.

Yaqoob alipiga simu jioni ya Jumatano, Bi Mabruka akiwa ndio kwanza amerudi kwenye soko la wanawake.

"Mama, umesikia? Mwaka huu hakuna foleni. Kura zote kwenye simu. Mtu anapiga pale pale alipo, basi, khalas."

"Pale pale alipo," alirudia.

"Aywa. Hata wewe hutoki nyumbani. Raha, au vipi?"

Bi Mabruka alisema raha. Akauliza hali ya watoto, akaitikia salamu, akaiweka simu juu ya meza ya jikoni. Zabibu alimwona ameshika fungu la kotmiri mkononi, halioshi wala haliweki.

"Bibi, niyarudishe ndani magodoro?"

"Yaache."

Wiki ile ile alikuja Lamya. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, jirani yao wa zamani, aliyesoma darasa moja na Yaqoob walipokuwa wadogo. Alikuwa akigombea, na akipita nyumba hadi nyumba kwa miguu, viatu vyeupe kwa vumbi. Bi Mabruka alimkaribisha kwa kahawa na tende.

"Khala, sikuja kukuahidi barabara," alisema Lamya, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu kama tangu utotoni. "Nakuomba kura yako tu, na kwanza nikusaidie kujisajili. Wanawake wengi wa umri wako hawajafungua ile programu ya kura."

"Ukiingia huko Majlis, utaweza kuwaambia warudishe kura za skuli? Watu wawe wanakuja kwao?"

Lamya alizungusha kikombe mkononi.

"Nikikwambia ndiyo nitakuwa nimekudanganya. Kuna wanawake hapa, Khala, hawakuwahi kupiga kura hata mara moja, maana hakuna wa kuwapeleka. Sasa wataweza. Siwezi kuwanyang'anya hilo."

Bi Mabruka alimtazama, akaona amesema kweli, na kweli ile ikamuuma. Akatoa kitambulisho chake. Lamya na Zabibu wakamwekea simu mbele ya uso, mara akaambiwa geuka, mara fumbua macho, na kabla kahawa haijapoa jina lake lilikuwa limeshaingia.

Siku kumi baadaye Yaqoob alipiga tena. "Mama, muda wa kujisajili unakaribia kwisha. Umeshafanya?"

Bi Mabruka alikuwa na neno "ndiyo" mdomoni kabisa. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, "Simu inanikataa. Kila nikiweka uso, hainitambui."

"Zabibu kajaribu?"

"Kajaribu. Umezeeka labda, huu uso."

Yaqoob alivuta pumzi. "Basi nakuja Ijumaa. Lamya anahitaji kila kura."

Zabibu, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, aliinua kichwa, akakiinamisha tena.

Ijumaa Bi Mabruka aliamka akakoroga boko boko la kulisha watu ishirini. Yaqoob aliingia saa nne, peke yake. Watoto, alisema, wana mazoezi ya kuogelea. Akambusu mamake kichwani. Hakuketi upande wa sebule aliokuwa akikaa babake; alisimama dirishani na kuomba simu.

Aliifungua. Ikafunguka bila ubishi, ikaonesha jina, wilaya, na picha ya Bi Mabruka amekodoa macho.

"Mama. Hapa imeandika umeshasajiliwa. Tangu ule mwezi uliopita."

Bi Mabruka alikunja pembe ya mtandio wake.

"Nimeacha shughuli zangu zote, nimeendesha saa mbili." Hakupaza sauti. "Kwa nini?"

"Nilitaka kukuona."

"Si ungesema tu!"

"Nilisema. Nilisema kabla ya Idi Ndogo. Nilisema Idi Kubwa. Nilipoumwa goti nilisema. Ukasema, 'Inshallah, Mama.' Nimesema kura, umekuja siku ya tatu."

Jikoni sufuria ilisikika ikifunikwa polepole. Yaqoob aliiweka simu chini. Alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na saba, mvi zimeshamwingia kwenye ndevu, na alisimama pale kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.

"Siwezi kuja humu, Mama," alisema hatimaye, kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika. "Nikipiga kona ya pale msikitini, nasikia sauti yake Baba. Anasema, 'Umechelewa, bwana.' Kila mara. Halafu nafungua mlango, kiti yake iko tupu. Narudi Maskati, wiki nzima sina usingizi. Kule najifanya yuko hapa na wewe. Mko wawili, mnakunywa chai."

Bi Mabruka hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja. Miaka mitatu alidhani mwanawe amesahau njia.

"Na mie huku najifanya hivyo hivyo," alisema. "Najifanya mko njiani."

Yaqoob alikuja akaketi, si kwenye kiti cha babake, bali chini, kwenye zulia, karibu na miguu ya mamake. Walikula boko boko. Alikula sahani mbili. Akaondoka baada ya laasiri, na safari hii hakusema inshallah. Alisema Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumapili. Hakuja mtu. Asubuhi Bi Mabruka alivaa nguo yake ya buluu, akajifukiza udi, akaketi sebuleni kama anayengoja gari. Akampigia Lamya kura yake. Ilichukua dakika mbili. Kisha akakaa vile vile, simu mkononi.

"Tayari, Bibi?" aliuliza Zabibu.

"Tayari. Mara moja tu. Wewe kwenu ulipiga lini?"

"Kabla sijaja huku. Nilikwenda na mama na dada zangu, tukasimama foleni tangu alfajiri, juani, tukicheka." Zabibu alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Mama hayupo sasa."

Bi Mabruka alimvuta akae pembeni yake. Mchana wakala wali, wawili wao, kwenye sinia moja.

Lamya hakupata kiti. Alikuja mwenyewe kushukuru, kwa miguu vile vile. Na Yaqoob, Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi, kabla ya kura, alikuwa amekuja na binti yake mdogo. Mwezi uliofuata hakuja. Wa tatu akaja, saa sita kasoro, na Bi Mabruka alikuwa getini tangu saa tatu, amejikinga jua kwa kiganja, akisikiliza kila gari linalopunguza mwendo kwenye kona ya msikiti.