Fantôme ya Joueur 2 mu Dilala

Bandugu, usiweke telefone chini, juu hii mambo ukiisikia nusu utasema ni bongo, uwongo mutupu. Lakini ilifika, hapa hapa Kolwezi, mu Dilala, na mutu yenye ilimufikia anatembea macho chini mupaka leo.

Stéphane wa mutaa ya Musonoi alikuwa na volant, usukani. Volant ya kweli, na pédale yake ya kukanyaga, ya kucheza course, mashindano ya motokari ku écran. Kwao courant ya umeme inaenda inarudi sawa vile inataka, njo akabeba mashine yote kuiweka mu Dilala kwa bakwe, mu chumba ya Gloire, kaka ya Laure. Laure njo fiancée yake. Bandugu ya Stéphane balikuwa na kuleta mali ya ndoa mwezi wenye kuya.

Na heshima ya bukwe unaijua. Mama Honorine, mama ya Laure, Stéphane hakumupatia mukono hata siku moja. Anamusalimia paka mbali, magoti chini. Kuikala ku kiti yenye mama mukwe anaikaliaka? Aa, hapana! Heri ulale inje.

Basi, asubui moja anafungula mashine, anakuta kuko mutu alimupita mbio. Na si kidogo! Jina: Joueur 2, mucheza wa pili.

"Gloire, nani alicheza?"

"Sijue, beau." Shemeji Gloire anaangalia dirisha.

Ile mashine inabakishaka kivuli ya tour, muzunguko yenye ulifanya, motokari moja sawa moshi, banaiita fantôme. Stéphane akaifuata. Yeye, virage yote, kila kona ya njia, alikuwa anaingia na kasi ya wazimu, anakanyaga frein ya kusimamisha sawa vile anaua nyoka, motokari inateleza, na kutoka inatoka inakohoa. Fantôme hapana. Inapunguza mbele, wakati njia ingali imenyooka, inaachilia frein polepole, inageuka, na virage haiyaisha imeshakanyaga gaz ya kukimbiza. Polepole kuingia, mbio kutoka. Stéphane akaiga, akaiga, wiki nzima. Chrono, dakika zake, ikashuka. Akatupa mu groupe ya WhatsApp: "Bakubwa, nimepata technique yangu miye mwenyewe!"

Mwongo yule. Na hata vile, kumupata Joueur 2 hakuweza. Ikamuuma. Siku ya posho, jumamosi, akatuma audio mu groupe:

"Joueur 2, we ni mwizi! Mashine njo inakusaidia! Unaendesha sawa bibi mwenye kubeba beseni ya mayi ku kichwa! Kama uko mwanaume, kuya kesho nyuma ya misa kuisha. Nitakuvula bilatu ku miguu mbele ya batu!"

Gloire aliifungula ile audio mu jikoni, sauti juu kabisa. Mama Honorine alikuwa anasonga bukari. Mwiko ukasimama.

Kesho yake chumba ikajaa. Stéphane alishavua bilatu, juu na soseti njo anasikia pédale muzuri.

"Iko wapi yule bibi wa beseni?" Bote banacheka.

Mulango ikafunguka. Mama Honorine, na kikwembe, kitenge yake ya kanisa. Kicheko ikakufa. Stéphane akapiga magoti, macho chini, anangojea apite. Hakupita. Akaikala ku kiti, pale mbele ya volant.

"Tata Stéphane," akasema polepole, na heshima, "Joueur 2 ni miye."

Akashika volant na mikono mbili.

"Nilikuwa naingia kufagia humu, Gloire akanionyesha. Nilimukataza kukuambia, juu nilijua utasikia haya. Na ile ya beseni, tata, ulisema kweli. Njo vile naendesha. Ukigeuka na kasi, mayi inamwangika yote ku mabega. Lakini mwizi? Nilikuiba nini?"

Kalumba, rafiki yake wa Musonoi, akashindwa kujizuia: "Eh, Stéphane! Na ile technique yako weye mwenyewe, ulitoa wapi?"

Stéphane alisikia masikio inawaka. Alitaka ardhi ifunguke sawa shimo ya mugodi ya Mashamba, imumeze na soseti yake.

Mama Honorine akasimama, akatoka pembeni ya kiti. "Haya. Ulisema course. Ikala."

Kile kiti. Paka sasa njo Stéphane alielewa: mama mukwe alikuwa anaikala pale kila siku, na yeye anaikala pale mama akitoka, matako fasi moja! Akiikala, amemutukana mbele ya batu bote. Akikataa, amekataa neno ya mama mukwe. Akakimbia mupaka ku barabara, akaita moto, pikipiki ya kubeba batu.

"Moto! Musonoi!"

"Bilatu iko wapi, patron?" mwenye moto akamuuliza. Hakujibu.

Mangaribi, audio ya Laure ikaingia: "Stéphane, mama anasema bilatu yako iko hapa, alishaisafisha. Ukuye kuikamata weye mwenyewe, usitume mutu. Anasema tena, ile virage ya mwisho ungali unaingia na kasi."

Ameisikiliza ile audio mupaka telefone ikapata moto. Ni musamaha? Ama banamuita kumuaibisha tena? Baba yake anauliza mali itaenda lini, na yeye anasema ataona. Anatembea na masandale ya kaka yake, kidole kikubwa inje.

Sasa weye mwenye kusoma, ungekuwa Stéphane, ungeenda kukamata ile bilatu? Na mama akikuambia tena "ikala", ungefanya nini?